Poka "Bila Pesa": Katika Mchezo Huu, Samaki Ni Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wazazi, vijana wetu na wasomaji wote wa Nchelenge, Kashikishi na kisiwani Kilwa, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa katika mji wa Kilwa na Pweto upande wa Kongo:

Hatukuipanga makala hii. Tulikusudia kuendelea na somo letu la malezi ya watoto wadogo, lakini limetokea jambo katika kikao chetu cha wazazi ambalo tumeona si vizuri kulinyamazia. Kama mjuavyo, ziwa letu hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo vijana wetu wengi hukaa bila kazi. Basi katika kipindi hicho lilikuja kundi la vijana, tena vijana wema, wanaoswali na kuwasaidia wazee, wakaomba wapewe chumba cha nyuma cha madrasa baada ya Isha ili wafundishane mchezo wa karata uitwao poka, aina ya Texas Hold'em. Walisema hawatacheza kwa pesa, watatumia maharagwe.

Baadhi ya wazee walikubali. Walisema: "Waacheni. Afadhali wawe karibu na macho yetu kuliko kwenda sokoni kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu." Sisi tulikataa. Tuliambiwa kuwa sisi ni wagumu, kwamba tunakataza tusichokijua, na kwamba tunaona haramu hata kwenye maharagwe. Shauri likaahirishwa. Leo tunaandika kueleza kwa nini tulikataa, na kwa nini bado tunakataa.

MCHEZO WENYEWE

Tuliona lawama moja ni ya haki: hatukuujua mchezo. Kwa hiyo baada ya Maghrib siku moja tulimwomba kijana mmoja wa kundi lile atufundishe, nasi tukakaa chini kama wanafunzi.

Pakiti ni ileile tuijuayo sote, karata 52 zenye kopa, uru, shupaza na pau. Kabla karata hazijagawiwa, watu wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka kitu mezani, wa kwanza nusu ya dau na wa pili dau zima. Kisha kila mmoja hupewa karata mbili, azione peke yake. Kwa zamu, kila mtu huamua: alipe ili aendelee, aongeze dau, au atupe karata zake. Halafu zinafunuliwa karata tatu katikati ya meza. Dau tena. Inafunuliwa ya nne. Dau tena. Inafunuliwa ya tano. Dau la mwisho. Karata hizi tano za katikati ni za wote, na kila mtu huziunganisha na zile mbili alizozificha ili apate mkono bora wa karata tano. Anayeshinda ni mwenye mkono mkubwa kuliko wote, au yule aliyeongeza dau kwa ujasiri mpaka wenzake wote wakaogopa na kutupa, hata kama mkononi hana kitu.

Tuseme kweli, maana Mwislamu hasemi uongo hata anapopinga jambo. Mchezo una utamu. Una hesabu ndani yake, una subira, una kusoma nyuso za watu. Muda ulipita hatukuuona. Adhana ya Isha ilipoanza, mmoja wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema: "Hebu tumalize mkono huu mmoja." Tukatazamana. Katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, Mola wetu ameitaja kamari pamoja na pombe, akatueleza kwamba shetani huzitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia tusimkumbuke Yeye na tusiswali. Aya hizo tumezisoma miaka mingi. Jioni ile zilitukuta zimekaa mezani kwetu, na mezani hapakuwa na kitu ila maharagwe.

Sasa tuzichukue hoja za ndugu zetu moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: "HATUWEKI PESA"

Hii ndiyo hoja kubwa, na tunaiheshimu. Wanazuoni wametofautiana juu ya karata zisizo na dau: wapo waliokataza kabisa, na wapo walioruhusu kwa masharti kwamba zisimpotezee mtu swala wala wajibu wake. Hatutaki kuligeuza jambo lenye khitilafu kuwa fimbo ya kuwapigia vijana.

Lakini poka si kama michezo mingine. Watu wakicheza bao, keram, dhumna au hata karata za lastikadi, mchezo umekamilika wenyewe. Ukiona mtu ameweka pesa, ujue pesa zimeingizwa kutoka nje, kama mtu aingizaye pombe harusini. Ukiziondoa, harusi inabaki harusi. Katika poka dau ndilo mchezo. Kuongeza ni dau, kutupa ni kukimbia dau, kutisha ni kutisha kwa dau. Ukiliondoa, unabaki na watu wanaofunua karata kuona nani kabahatika.

Tuliyaona haya kwa macho yetu. Ilipopita nusu saa, waliokwishiwa maharagwe walichota mengine kwenye gunia. Kwa kuwa kupoteza hakukuwa na uchungu, kila mtu akawa anasukuma maharagwe yote kila zamu, na hakuna aliyeogopa kitu. Mchezo ukavunjika. Kijana wetu mwalimu, kwa nia njema kabisa, akasema: "Wazee, tukiweka hata ngwee hamsini kila mtu, mtaona unavyonoga."

Hapo tulipata jibu letu, na aliyetupa ni yeye mwenyewe. Poka bila pesa ni kama kumfundisha mtu kutega nyavu tarehe 15 Januari, ziwa limefungwa, kisha umwambie: "Lakini usivue."

Na wenye biashara wanalijua hili kuliko sisi. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Zynga imekuwa na poka yake ndani ya Facebook, na baadaye kwenye simu. Unaingia bure, unapewa sarafu za bandia bure. Zikikwisha unasubiri upewe nyingine, au unanunua kwa pesa halisi. Hebu litafakarini hilo, ndugu zetu: sarafu ambazo huwezi kuzigeuza kuwa pesa, lakini pesa zako unaweza kuzigeuza kuwa sarafu hizo. Mlango wa kuingilia upo, wa kutokea haupo. Sisi watu wa Mweru tunakijua kitu chenye umbo hilo. Kinaitwa mtego.

HOJA YA PILI: "NI AKILI, SI BAHATI"

Vijana walituletea hesabu, na hesabu zao ni sahihi. Walisema kupewa karata mbili za A kwa mara moja hutokea wastani wa mara 1 katika 221. Walisema ukiwa na karata nne za kopa baada ya zile tatu za katikati kufunuliwa, zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 usizoziona, na nafasi yako ya kuipata ya tano katika karata mbili zijazo ni karibu 35 katika 100. Mwenye kujua hesabu hizi na kuwa na subira atamshinda asiyezijua, mwaka ukiisha. Kwa hiyo, wakasema, hii si kamari, ni elimu.

Sisi hatukatai kwamba kuna akili. Tunauliza: akili hiyo inalipwa na nani?

Mwalimu hodari hulipwa kwa sababu mtoto amejua kusoma. Fundi wa boti hodari hulipwa kwa sababu boti haivuji. Mchezaji hodari wa poka hulipwa na mtu mmoja tu, naye ni yule aliyekaa mbele yake akiwa hajui. Mezani hapazaliwi hata ngwee moja. Wachezaji wenyewe hawalifichi jambo hili. Katika lugha yao ya mezani, mchezaji dhaifu wanamwita samaki, na anayemla wanamwita papa. Kabla ya kujifunza mchezo, mtu hutafuta kwanza samaki yuko wapi ili akae naye meza moja.

Sasa ndugu zetu wavuvi, mnajua wenyewe: samaki hajui kwamba yeye ni samaki. Chisense huvuliwa usiku kwa taa. Hufuata mwanga, wakidhani wamepata kitu. Kijana aliyelala chali saa nane za usiku, mwanga wa simu ukimpiga usoni, akicheza na watu asiowajua walio Ulaya na Asia, yeye ni mvuvi au ni chisense?

Hata hiyo akili inayosifiwa imekwisha kushindwa na mashine. Januari 2017, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne wa Texas Hold'em katika mikono 120,000 kwa siku 20 huko Pittsburgh. Mwaka 2019 nyingine iitwayo Pluribus ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Hao walikuwa mabingwa wanaoishi kwa mchezo huo. Mtoto wa Kashikishi atajuaje kwamba jina lile kwenye simu yake ni mtu na si programu?

Na yupo mwingine asiyeshindwa kamwe: mwenye meza. Yeye hukata fungu lake katika kila dau. Tufanye hesabu ndogo. Watu 5 wanakuja na kwacha 50 kila mmoja, jumla 250. Wanacheza mikono 100, kila mkono ukikusanya wastani wa kwacha 20, yaani pesa zilezile zinazunguka mpaka kufikia 2,000. Mwenye meza akikata 5 katika 100, amechukua kwacha 100. Wachezaji sasa wanagombania 150. Hakuna aliyewaibia na hakuna aliyekosea hesabu. Wamekaa tu.

Tunasema hivi: mashine ya sarafu humla kila mtu sawasawa, lakini mchezo wa "akili" huanza na mnyonge. Hilo halipunguzi ubaya wake. Linauongeza.

HOJA YA TATU: "UVUVI NAO NI KAMARI"

Mzee mmoja tunayemheshimu alituuliza: "Nami nikitupa wavu usiku sijui nitapata nini. Nimekopa mafuta, nimekopa nyavu. Mbona hamsemi nacheza kamari?"

Ni swali zuri. Jibu letu ni hili. Mvuvi anabahatisha, ndiyo, kama mkulima anavyobahatisha mvua. Lakini anapopata, ziwa halilali na njaa. Samaki wake wanakwenda sokoni, wanaliwa Nchelenge, wanaliwa Kitwe na Ndola. Mchuuzi anapata, dereva wa lori anapata, mpishi anapata, mtoto anashiba. Na akikosa, jirani yake hakutajirika kwa kukosa kwake. Wavuvi wawili wanaweza kurudi wote wamejaza mitumbwi wakapongezana ufukweni. Wacheza poka wawili hawawezi. Furaha ya mmoja imekatwa kwenye mfuko wa mwenzake, pimo kwa pimo.

Na kuna tofauti nyingine inayotuuma zaidi. Mvuvi hahitaji kumdanganya mwenzake ndani ya mtumbwi. Mcheza poka asiyeweza kuuficha uso wake hafiki mbali. Watatuambia mchezaji wa mpira naye humhadaa beki. Ndiyo, lakini mechi ikiisha beki anakwenda nyumbani na nauli yake mfukoni.

Tutasimulia moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina. Yupo mama katika jamii yetu anayeuza chisense kwa magunia. Mtaji wake ulikuwa kwenye simu, na simu ilishikwa na mwanawe kwa sababu yeye ndiye ajuaye kusoma ujumbe. Kijana alianza poka ya bure. Ikaja ya pesa kidogo. Akashinda, akamnunulia mama yake kitenge, mama akamwombea dua. Kisha akaanza kupoteza, na kila alipopoteza aliona karata inayofuata itarudisha. Mama alijua siku aliposimama ufukweni mbele ya wavuvi, magunia yamefungwa, akamwambia mwanawe: "Lipa." Hakukuwa na kitu.

Tulipokwenda kumpa pole hakulia kuhusu pesa. Alisema: "Wiki tatu nimekula naye sahani moja. Kila siku namuuliza hesabu, ananijibu akiniangalia machoni. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ningejuaje?"

Ndugu wazazi, uso ule alijifundisha. Ni somo la kwanza la mchezo. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba elimu hiyo ikishaingia haibaki mezani, inakufuata mpaka kwenye sahani ya mama yako.

HOJA YA NNE: "KUNA WALIOTAJIRIKA"

Kila kijana wa poka analijua jina la Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia kwa mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, akaishia kushinda dola milioni 2.5 katika mashindano makubwa ya dunia ya poka, yale yaliyoanzishwa Las Vegas mwaka 1970. Ni kweli, hatukatai.

Lakini katika mashindano yale ya 2003 waliingia watu 839. Habari za yule mmoja zilitangazwa kwenye televisheni, na dunia nzima ikataka kuwa yeye. Mwaka 2006 waliingia watu 8,773, na aliyeibuka bingwa ni mmoja tena. Vijana wetu wanajua jina la mmoja. Wale wengine waliorudi nyumbani mikono mitupu, nani anawajua? Hivyo ndivyo biashara hii inavyojitangaza: humpandisha mmoja juu ya paa, na maelfu huwapitisha mlango wa nyuma.

Na mwisho wa mkumbo ule ulikuwaje? Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walizifungia tovuti tatu kubwa za poka. Ikaonekana kwamba mmoja wa wakubwa hao, Full Tilt Poker, hakuwa na fedha za kutosha kuwarudishia wachezaji amana zao. Watu walisubiri miaka kulipwa. Fikirini: mtu aliyepiga hesabu zote za karata 52 hakuwa amejiuliza kama mwenye meza anazo pesa zake.

Wala msidhani ni sisi Waislamu tu tunaopiga kelele. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, mtu asiyetimiza miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari. Tanzania iliweka miaka 18 katika sheria yake ya mwaka 2003. Kenya mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za makampuni makubwa ya kubashiri baada ya kuona vijana wanavyoteketea. Na madaktari wa dunia wameiweka kamari iliyomshinda mtu katika orodha ya maradhi ya uraibu. Hao hawakusoma Suratul-Maida. Wameona tu matokeo.

KARATA ZA WOTE NA CHUNGU CHA WOTE

Kuna neno moja lililotukaa moyoni. Zile karata tano za katikati, kwa Kiingereza huitwa karata za jamii. Za jamii! Kila mtu anazitazama, kila mtu anazitumia, na hakuna hata mmoja anayemtakia mwenzake heri nazo. Ya tano, ya mwisho, wanaiita mto. Sisi tulio mahali ambapo Luapula unaingia ziwani tunajua mto hulisha kingo zote mbili. Mto wao hulisha mtu mmoja.

Sasa lingalisheni na jambo letu wenyewe. Hapa kwetu wako akina mama wa chilimba, ambayo Tanzania huitwa upatu na Kenya huitwa chama. Chukueni watu wetu walewale 5 na kwacha zao 50. Wiki ya kwanza wanaweka katikati, inakuwa 250, anachukua mmoja. Wiki ya pili tena, anachukua wa pili. Wiki ya tano ikiisha, kila mmoja amewahi kushika 250 kwa mkupuo mmoja. Huyu amenunua nyavu, yule amelipa karo, mwingine ameezeka. Hakuna aliyeficha karata, hakuna aliyemsoma mwenzake uso ili amle. Pesa ni zilezile, duara ni lilelile, chungu kipo katikati vilevile. Tofauti ni kwamba kwenye chilimba unangoja zamu ya ndugu yako ifike, na kwenye poka unangoja aanguke.

Hata Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na kisingizio kizuri kuliko cha vijana wetu. Wafasiri wanatueleza kwamba walipiga kura ya mishale juu ya ngamia aliyechinjwa, na walioshinda wakaona fahari kuwapa maskini ile nyama. Ndiyo maana Suratul-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba kuna manufaa ndani yake. Ilisema tu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kama kamari iliyolisha maskini ilikatazwa, ile inayomla maskini tuiite nini?

KOSA LETU SISI WAZAZI

Hatutaki kumaliza kwa kuwanyooshea vijana kidole. Waliokuja kuomba chumba walikuja mchana, kwa adabu, na wakasema wazi wanachotaka. Wangeweza kujificha. Atakayeitumia makala hii kuwatukana au kuwafukuza madrasani hakutuelewa.

Tujiulize sisi. Nani aliwaacha miezi mitatu bila shughuli, kila mwaka, na huku tarehe ya kufungwa ziwa inajulikana? Nani anacheza dhumna barazani mpaka Alasiri inampita, kisha anamkaripia mtoto kwa karata? Nani alipokea kitenge bila kuuliza pesa zimetoka wapi? Tumewaachia simu, na hatujui kilichomo. Tunasema "haramu" na kunyamaza, kama kwamba neno moja linatosha kumjibu kijana mwenye maswali kumi. Akikosa jibu kwetu, atalipata kwa anayetaka pesa zake.

TUNACHOPENDEKEZA

Chumba cha madrasa wapewe. Wapewe kwa kazi nyingine, na wazee tuwepo ndani, si mlangoni.

Kwanza, hesabu zile walizozipenda tuziendeleze. Kijana anayeweza kupiga kichwani nafasi 9 kati ya 47 anaweza kujifunza kutunza vitabu vya biashara ya samaki, kujua hasara ya gunia njiani na bei ya kuuzia. Wafanyabiashara wetu wanamhitaji sana mtu wa namna hiyo.

Pili, waanzishe chilimba yao ya vijana, ndogo, ya kwacha chache, ili ziwa likifunguliwa Machi kila mmoja awe na cha kuanzia.

Tatu, michezo iwepo. Bao, keram, mpira na mashindano ya kushona nyavu, bila dau, hata la soda.

Nne, mwenye mtoto aliyekwisha kunaswa asimfiche. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza hata aliyemwita tu mwenzake kwenye kamari atoe sadaka, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Tunalolifahamu hapo ni kwamba mlango wa kurudi upo, na uko wazi, na mtu hurudi kwa mkono unaotoa. Kijana wa yule mama leo anabeba magunia ya mama yake, na kila Ijumaa anamsomea hesabu mbele yetu. Bado deni halijaisha. Mama anasema uso wake umeanza kubadilika tena akiulizwa maswali, na hilo, wallahi, limemfurahisha kuliko pesa.

Kikao kijacho shauri hili litarudi. Ndugu zetu mliokubali mara ya kwanza, tunawaomba mje, mtusikie, nasi tutawasikia. Na vijana mje pia. Maharagwe tutayapika.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie riziki za halali, atuhifadhie watoto wetu, na atuunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.